Kukimbia katika tambarare ya Bahi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wageni na wenyeji huyarudia wanapotaka kukimbia katika vijiji vya Bahi, mkoani Dodoma, hasa penye majaruba ya mpunga, mifereji na mbuga inayopokea maji ya Mto Bubu. Jambo moja linapita katika karibu kila jibu, nalo ni kwamba njia za hapa hufuata maji. Njia iliyo kavu na pana mwezi Agosti huweza kuwa tope au shamba lililojaa maji mwezi Februari, na katika majira yote mawili mwenye haki ya kwanza juu yake ni mkulima au mfugaji, ndipo mkimbiaji afuate.

## Mambo ya msingi

Bahi iko wapi, na ardhi yake ikoje?

Bahi ni makao makuu ya wilaya yenye jina hilohilo, yapata kilometa 60 magharibi ya jiji la Dodoma, kando ya barabara kuu iendayo Manyoni na Singida. Jiji la Dodoma limeinuka zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, lakini Bahi imelala chini zaidi, katika sakafu ya Bonde la Ufa, juu kidogo ya mita 800. Ukisafiri kuendelea magharibi utapita Kintinku kabla ya kupanda ukingo wa bonde kuelekea Manyoni. Hapo ndipo utakapokumbuka kwamba tambarare uliyotoka ni sehemu ya chini ya kitu kikubwa sana.

Mto Bubu hushuka kutoka kaskazini, upande wa Kondoa, na kuishia katika mbuga ya Bahi. Maji yake hayaendi baharini. Hutandaa, hunywewa na ardhi, na mengine hupanda kuwa mvuke, yakiacha chumvi kwenye udongo. Kwa mkimbiaji maana yake ni hii: ardhi ni tambarare kwa sababu maji yameisawazisha kwa miaka mingi kwa matope yake, na kila msimu wa mvua maji hayo hurudi.

Je, kukimbia kwenye tambarare si rahisi kuliko milimani?

Kwa mapafu ni rahisi, hasa kwa anayeanza. Kwa miguu si lazima iwe hivyo. Mlimani msuli mmoja hufanya kazi wakati wa kupanda na mwingine wakati wa kushuka, na kwa hiyo kila mmoja hupata nafasi ya kupumzika. Kwenye tambarare hatua ya elfu moja inafanana na hatua ya kwanza, na mzigo huangukia mahali palepale bila kubadilika. Wengi wanaolalamika kuhusu maumivu ya ugoko au kisigino baada ya wiki chache za kukimbia hapa ni watu walioongeza umbali haraka kwa sababu tu hawakuhema.

Dawa yake ni kubadili uso wa ardhi na kubadili mwendo. Kimbia siku moja kwenye barabara ya vumbi, siku nyingine kwenye tuta la mfereji, na mara mojamoja kwenye mchanga mkavu wa korongo. Katikati ya mbio ndefu, tembea dakika moja au mbili hata kama hujachoka.

Mtu asiye na uzoefu aanze na umbali gani?

Anza na kilometa tatu au nne, za kwenda na kurudi kwa njia ileile, ukichanganya kukimbia na kutembea. Njia ya mzunguko inavutia, lakini kwenye tambarare kijiji huonekana karibu kuliko kilivyo, na mgeni huweza kujikuta amefika nusu ya mzunguko akiwa ameishiwa nguvu. Njia ya kurudi ulikotoka unaijua tayari, pamoja na mahali penye kivuli na mahali penye mbwa.

## Njia zenyewe

Kuna njia za aina gani?

Zipo za aina nne, na kila moja ina tabia yake.

Ya kwanza ni barabara za vumbi zinazounganisha vijiji. Hizi ni imara karibu mwaka mzima, zina watu, na ukipata shida utasaidiwa. Kasoro yake ni vumbi la pikipiki na magari ya mizigo wakati wa kiangazi, na mwinamo wa pembeni: ukikimbia upande mmoja wa barabara kwa muda mrefu, mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwingine, na nyonga hulipa gharama. Badilisha upande panapokuwa salama, au kimbia katikati panapokuwa hapana chombo kinachokuja.

Ya pili ni matuta ya mifereji katika mashamba ya umwagiliaji. Kwa maoni yangu hizi ndizo njia bora kuliko zote za Bahi. Mfereji mkuu hutoka kwenye banio, ambapo maji ya mto huzuiwa na kugawanywa, kisha huenda kwa mstari ulionyooka kwa umbali ambao jicho hulimaliza kwa shida. Tuta lake limeshindiliwa na miguu ya watu na baiskeli, lina upana wa kutosha mtu mmoja, na wakati wa mpunga kijani kibichi hukuzunguka pande zote huku hewa ikiwa na ubaridi ambao huupati barabarani. Hata hivyo, ni njia za kazi, na masharti yake yameelezwa kwenye swali la adabu ya majaruba hapa chini.

Ya tatu ni vijia vya mifugo kwenye ukingo wa mbuga. Mwezi Julai hadi Oktoba huwa vikavu, vyeupe kwa vumbi, na huenda mbali bila kukatizwa. Vina upweke mkubwa, kwa hiyo usivitumie peke yako kabla hujavijua.

Ya nne ni vitanda vya makorongo, yaani mikondo ya mchanga inayobaki mvua zikiisha. Mchanga hufanya kazi ya mlima: kilometa mbili zake huchosha kama nne za barabarani. Usiingie humo kabisa wakati wa mvua. Sababu ziko katika swali la korongo.

Mbona hakuna ramani moja ya njia hizi?

Kwa sababu ramani moja ingekuwa ya kweli kwa miezi michache tu. Wakulima huhamisha vivuko, hufungua na kuziba mifereji midogo, na jaruba lililopumzishwa mwaka jana huweza kulimwa mwaka huu. Njia ya uhakika ni kumuuliza mtu aliyepita asubuhi hiyohiyo: mgawa maji, mchungaji, au kijana wa bodaboda. Uliza swali mahususi. Badala ya "njia inapitika?", uliza "pale kwenye kivuko cha pili leo maji yanafika wapi, kifundoni au gotini?" Jibu la swali la namna hiyo litakusaidia zaidi.

Programu za simu zinazorekodi njia ni nzuri kwa kupima umbali, lakini zisichukuliwe kuwa ushahidi kwamba njia bado ipo.

Je, ninaweza kukimbia kando ya reli?

Hapana. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, inapita Bahi, na watu wamezoea kutembea kandokando yake, lakini mazoea hayaifanyi kuwa njia ya mazoezi. Mkimbiaji anayetazama kokoto miguuni na upepo ukimvumia masikioni huchelewa kusikia treni. Kuhusu reli mpya ya mwendokasi, jambo liko wazi zaidi: ni ya umeme, imezungushiwa uzio, na treni zake zimesanifiwa kwenda hadi kilometa 160 kwa saa. Vuka kwa madaraja na vivuko vilivyojengwa tu, na upange mzunguko wako ukivifikiria hivyo tangu mwanzo, maana kutoka kivuko kimoja hadi kingine huenda kukaongeza umbali ambao hukuukusudia.

## Majira, jua na upepo

Miezi ipi ni mizuri zaidi?

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na wastani wa mvua kwa mwaka ni chini kidogo ya milimita 600. Miezi mingine ni mikavu kabisa.

Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya kukimbia mbali. Usiku huwa wa baridi, asubuhi huhitaji fulana ya mikono mirefu, na udongo umekauka bila kuwa vumbi tupu. Septemba hadi Novemba joto hupanda hadi mvua zinapoikata, na wakati huo fupisha mbio zako. Januari hadi Machi ndipo tambarare hupendeza kuliko wakati wowote, lakini njia nyingi za mbuga hufungwa na maji; kimbia kwenye barabara zilizoinuliwa na kwenye matuta makuu. Mei ni mwezi wa mpito, na anayeujua huupenda: maji yanashuka, mpunga unageuka rangi ya dhahabu, na kila wiki kijia kimoja zaidi hukauka.

Nianze saa ngapi asubuhi?

Kabla ya jua, au pamoja nalo. Hapa jua huchomoza karibu saa 12:10 asubuhi mwezi Novemba, na karibu saa 12:50 mwezi Julai, jambo linalowashangaza watu wa pwani waliozoea mapambazuko ya mapema. Kwa hiyo mwezi wa joto kali ndio pia wenye alfajiri ya mapema, na huo ni msaada: ukiondoka saa 11:50 mwanga ukiwa umeanza kuonekana, unapata saa nzima kabla jua halijawa na ukali. Kufikia saa 3 asubuhi mwezi Oktoba au Novemba, mbio ndefu ziwe zimekwisha.

Jioni inafaa pia, kuanzia saa 11, lakini ardhi iliyopigwa jua mchana kutwa huendelea kutoa joto, na giza la eneo la karibu na ikweta huingia haraka. Jipe nusu saa ya akiba.

Upepo unaathiri vipi?

Wakati wa kiangazi upepo wa Dodoma huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na kwenye tambarare isiyo na miti hauna kinachouzuia. Kanuni ya wengi wetu ni kuanza kwa kuelekea mashariki, ukipambana na upepo wakati bado una nguvu na jua halijapanda, kisha kurudi ukisukumwa mgongoni na jua likiwa nyuma yako. Anayefanya kinyume huona siku njema mpaka anapogeuka.

Jambo la kuangalia ni kwamba upepo ukikusukuma nyuma kwa kasi inayokaribia yako, hewa inayokuzunguka hutulia na jasho halikauki. Mwili hupata joto zaidi katika nusu hiyo inayoonekana rahisi. Kunywa maji kabla ya kugeuka, usisubiri baadaye.

Nibebe maji kiasi gani, na yanapatikana njiani?

Kwa mbio za zaidi ya saa moja beba angalau nusu lita wakati wa baridi na lita moja wakati wa joto. Maji ya visima vingi vya eneo hili yana chumvichumvi. Hayazimi kiu vizuri na huweza kuvuruga tumbo la mgeni. Maji ya mfereji na ya malambo yasinywewe kabisa.

Ukitoka jasho jingi, maji matupu hayatoshi. Mchanganyiko wa nyumbani unaojulikana ni lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kufutwa juu. Uutengeneze jioni, uuache mahali pa baridi, na usizidishe chumvi kwa kudhani utapata nguvu zaidi.

Mwenzako akianza kuyumba, kuongea maneno yasiyoeleweka, au ngozi yake ikiwa ya moto sana, acheni mbio hapohapo. Mpelekeni kivulini, mlowesheni maji mwilini, mpepeeni, na mwiteni bodaboda wa kumfikisha kituo cha afya. Asiachwe atembee peke yake kurudi nyumbani.

## Maji, tope na mipasuko

Kwa nini mnaonya sana kuhusu makorongo, na mbona hapa hakuna mvua?

Hilo ndilo hasa linalowadanganya watu. Mvua inayojaza korongo huenda haikunyesha Bahi. Huweza kunyesha upande wa juu, mbali sana na ulipo, mbingu ya kwako ikiwa safi, na maji yakaja saa kadhaa baadaye kama ukuta wa tope wenye matawi na takataka mbele yake. Mchanga mkavu unaopendeza kukimbilia ni kitanda cha maji hayo.

Kuanzia mvua za kwanza hadi mwisho wa Aprili, vuka korongo kwa kukatiza tu, usikimbie kwa urefu wake. Ukikuta maji yanayotembea na huoni chini, usivuke, hata kama yanaonekana kuishia magotini. Maji ya kasi ya kufika gotini humwangusha mtu mzima, na mchanga chini yake huliwa kila dakika. Rudi, au subiri. Makorongo mengi hupungua ndani ya saa chache, na wenyeji wanaosubiri upande wa pili watakuwa wa kwanza kuvuka wakati ukifika.

Ninaweza kuingia kwenye mfereji kupoza miguu?

Usifanye hivyo. Maji yaliyotulia au yanayotembea polepole, yenye majani kandokando, ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho. Vijidudu hivyo hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa muda wa dakika chache tu. Hatari huwa kubwa zaidi saa za katikati ya mchana, yaani saa ambazo mkimbiaji aliyechelewa hutamani maji kuliko wakati wote.

Ikitokea umetumbukia, jikaushe kwa kusugua na kitambaa mara moja, na uende zahanati kupima wiki kadhaa baadaye, hata kama hujisikii vibaya. Damu kwenye mkojo isipuuzwe wala kuonewa haya. Ugonjwa huu una dawa inayofahamika, ya kumeza, na ukitibiwa mapema hauachi madhara. Wakulima wa mpunga wanaingia katika maji haya kila siku kwa ajili ya chakula chetu. Mkimbiaji hana sababu ya kuingia kwa hiari yake.

Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unakuwaje?

Hugandamana kwenye soli mpaka kila kiatu kinakuwa na uzito wa kilo nzima, kisha huteleza. Hakuna mbinu ya kukimbia juu yake. Mvua ikinyesha usiku, acha mbuga na utumie barabara yenye changarawe au mchanga kwa siku mbili au tatu.

Na ukikauka?

Hupasuka. Mipasuko ya mwezi Septemba huweza kumeza mguu hadi kifundo, na baadhi yake hufunikwa na nyasi. Tazama mita tatu au nne mbele badala ya kutazama vidole, fupisha hatua, na usipite humo gizani hata ukiwa na tochi, kwa kuwa mwanga wa tochi hufuta vivuli vinavyoonyesha kina. Ukiteguka kifundo mbali na kijiji, usivue kiatu mpaka ufike. Kiatu kilichofungwa vizuri hushikilia kiungo, na mguu uliovimba haurudi ndani yake.

## Watu, mashamba na mifugo

Ninahitaji ruhusa ya nani?

Mtu mmoja anayekimbia kwenye barabara ya kijiji hahitaji kibali. Anayetaka kutumia matuta ya skimu ya umwagiliaji mara kwa mara afike kwanza kwa viongozi wa wamwagiliaji au kwa mtendaji wa kijiji, ajitambulishe, aeleze saa anazokimbia. Ni jambo la dakika kumi, na faida yake ni kubwa: baada ya hapo mtu akiuliza "yule anayekimbia alfajiri mashambani ni nani?" litakuwepo jibu. Kwa kundi, soma swali la mwisho la ukurasa huu.

Adabu ya kupita kwenye majaruba ni ipi?

Kimbia juu ya tuta la mfereji mkuu au wa kati tu. Kuta nyembamba zinazotenganisha jaruba na jaruba zimejengwa kwa mikono na kwa jembe. Mguu unaotua kwa kishindo huzibomoa, maji huhama shamba, na mkulima aliyesubiri zamu yake ya maji hupoteza alichosubiri. Usiguse milango ya maji wala mifuko ya mchanga iliyozibia mfereji, hata ukiona imekaa vibaya. Kuna mtu aliyeiweka hivyo kwa sababu.

Ukikutana na mtu mwenye mzigo kichwani au jembe begani, wewe ndiye unayesimama na kumpisha. Salimia. "Shikamoo" kwa mkubwa, na kwa Kigogo "mbukwa" kwa mtu mmoja, "mbukwenyi" kwa wengi, ni maneno yanayofungua njia kuliko viatu vya bei yoyote. Usipite unakimbia mbele ya wazee bila kupunguza mwendo.

Mpunga unapokaribia kukomaa, watoto na watu wazima hukaa mashambani tangu alfajiri kuamia ndege, kwa sababu kundi la kwelea kwelea huweza kumaliza shamba kwa muda mfupi. Wana kombeo, mawe na makopo ya kupigia kelele. Jionyeshe, vaa rangi inayoonekana, na upaze sauti kabla ya kufika. Ukikuta harufu ya dawa iliyopulizwa, geuka. Usivute pumzi ya kukimbia katika shamba hilo siku hiyo.

Wanawake wanakimbia peke yao?

Wapo wanaokimbia, na idadi yao ingekuwa kubwa zaidi kama tungewarahisishia. Ushauri wanaoutoa wao wenyewe ni kukimbia wawili au zaidi, kubaki kwenye barabara za vijiji na mfereji mkuu, na kumwachia mtu nyumbani taarifa ya njia na saa ya kurudi. Kuhusu mavazi, suruali ndefu nyepesi, au sketi juu ya taiti, huzuia jua, miiba na maneno. Hilo la maneno lisibaki mzigo wa mwanamke: wanaume wa kundi wanaposikia mtu akimkebehi mkimbiaji wa kike, wao ndio wa kumkanya, tena palepale.

Nikikutana na ng'ombe au mbwa?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo hupewa njia. Tembea, pita upande wa pili wa mchungaji, usikatize katikati ya kundi, na uwe mwangalifu zaidi penye ndama. Alfajiri na jioni makundi huelekea malambo, kwa hiyo vijia vya mbuga hujaa saa hizo.

Mbwa wa boma hulinda boma. Acha kukimbia, simama ukimkabili kwa ubavu, ondoka polepole. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri kuona mbwa atakuwaje, kwa sababu dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu hakuna tiba.

## Viumbe, miiba na viatu

Nyoka ni tatizo kubwa?

Ni jambo la kuheshimu. Anayemuuma mtu kwa urahisi zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala kimya njiani, hasa jioni ardhi ikiwa na joto, akiwa na rangi ya vumbi lilelile. Hii ni sababu nyingine ya kutokimbia vijia vya nyasi gizani. Karibu na mpunga panya ni wengi, na penye panya pana nyoka.

Aliyeumwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, pete na viatu vya upande ulioumwa vivuliwe, abebwe haraka hadi kituo cha afya. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza.

Nyuki je?

Wakati wa ukame nyuki hufuata maji, na mibuyu mingi ina mizinga ya asili. Ukisikia mvumo, usipunge mikono. Wakikushambulia, kimbia moja kwa moja bila kusimama, ukifunika uso, hadi ndani ya nyumba au gari. Usijitose mfereji, watakusubiri.

Nivae viatu gani?

Vyenye soli nene kiasi. Mbigiri hutandaa ardhini kuanzia mwisho wa mvua, na miiba yake ikikauka hupenya soli laini. Miiba ya migunga ni mirefu zaidi na hupenya hata soli ngumu. Kagua viatu kila ufikapo, na beba kibano kidogo. Anayependa kukimbia peku, kama wengi tulivyokimbia shuleni, achague barabara ya vumbi iliyopondwa na magari.

## Hali za pekee

Nimepotea, na kila upande unafanana. Nifanye nini?

Simama. Tambarare haina kilima cha kukuongoza, lakini ina mistari: barabara kuu, reli, njia ya nguzo za umeme na mfereji. Barabara kuu na reli hupita Bahi zikitoka upande wa mashariki kuelekea magharibi. Kwa hiyo kabla ya kutoka, jua upo kaskazini au kusini mwa mistari hiyo. Ukilijua hilo tu, jua la asubuhi litakutosha kurudi. Ukifika mfereji wenye maji, ufuate kinyume na mtiririko: utakufikisha kwenye mfereji mkubwa zaidi, kisha banio, ambako kuna watu. Kuufuata mfereji kwa upande unakoelekea maji kutakupeleka mbugani.

Ninajiandaa kwa marathoni. Tambarare peke yake inatosha?

Inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Umbali mrefu wa mwendo usiobadilika, ndio msingi wa kilometa 42.195, hauna mahali pazuri zaidi ya hapa. Kinachopungua ni nguvu ya kupanda na uvumilivu wa mapaja wakati wa kushuka. Tumia mchanga wa korongo kavu mara moja kwa wiki kujenga nguvu, na kama mashindano unayoyaendea yana milima, nenda Dodoma mjini mara mbili kwa mwezi ukatafute miinuko.

Usisahau kubadili kasi. Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu, mzaliwa wa jirani zetu Singida, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia na kuipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata waliandikiwa muda uleule, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sehemu ndogo ya sekunde. Mfereji ulionyooka ni mahali pazuri pa kujifunza jambo hilo: kimbia kwa utulivu hadi kilometa ya mwisho, chagua mti ulio mbali, kisha maliza kwa nguvu yote uliyobakiza ukiwa umeshachoka.

Tunataka kuleta kundi la watu arobaini kutoka Dodoma. Inawezekana?

Inawezekana, lakini si kwenye matuta ya mifereji, ambayo hayakujengwa kwa miguu themanini. Tumieni barabara za vumbi, kati ya Juni na Agosti, baada ya mavuno. Mwone mwenyekiti na mtendaji wa kila kijiji mtakachopita, pamoja na afisa michezo wa wilaya, ambaye ataeleza taratibu iwapo mnakusudia kuweka zawadi au kushindana. Mahali popote mtakapovuka barabara kuu pahitaji polisi wa usalama barabarani, na hilo hupangwa mapema.

Njooni na maji yenu, kwa kuwa kundi la namna hiyo huweza kumaliza akiba ya kaya kadhaa. Chai, uji na wali wa baada ya mbio nunueni kwa mama lishe wa hapahapa, mkiwaeleza idadi siku mbili kabla. Chupa tupu zirudi nazo kwenye gari: ikisahaulika moja kwenye mfereji, itaziba mlango wa maji wa mtu ambaye hakualikwa kwenye mbio zenu.